Masale ya Majaribio

Dorkasi wa Kwemvumo si mtu wa kukutana naye ukiwa na haraka. Ukimwamkia ataitikia vizuri, marahaba ndefu ya kanisani, halafu atakuuliza mbona wewe umekonda na mkeo hajakonda, na lile paa ulilosema utaliezeka kabla ya Pasaka, ulimaanisha Pasaka ya mwaka gani. Ndiyo maana majirani zake wengi hupita ng'ambo ya kijito. Haiwasaidii kitu. Kijito chenyewe ni chembamba, na Dorkasi ana sauti.

Kazi yake ni kuosha karoti. Wakulima wa Magamba na Malindi, Malindi yetu ya huku milimani, wanateremsha magunia kwa pikipiki, karoti zinamwagwa kwenye kibwawa pale kijitoni, na akina mama wanaingia na miguu yao, wanakanyaga na kusugua mpaka karoti zing'ae. Jioni lori linashuka nazo Mombo, na kutoka hapo Dar es Salaam. Dorkasi ameifanya kazi hiyo tangu alipoolewa. "Watu wa Dar wanakula mavumbi ya miguu yangu," husema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kunishukuru."

Kwa karoti hizo alijenga nyumba: vyumba viwili na jiko, tofali za kuchoma, bati jekundu, hatua chache tu kutoka kibwawani. Mumewe Emanueli, Mungu amrehemu, alichangia ushauri. Nyumba hiyo ndiyo kitu pekee duniani ambacho Dorkasi hakukifanyia mzaha. Kila Jumamosi aliipiga deki mpaka kizingiti, na ole wako ukanyage na matope.

Sasa, mtu pekee aliyethubutu kukanyaga na matope ni Hezekia. Huyu ni fundi seremala, karakana yake iko juu kidogo ya nyumba ya Dorkasi, chini ya mipeasi yake inayozaa kuliko mipeasi yote ya kilima kile. Anatengeneza vitanda na majeneza, na husema wateja wa vitanda wana malalamiko mengi mno. Yeye na Dorkasi walikua pamoja, wakabatizwa kanisa moja, na tangu wapate akili hawajawahi kupeana shikamoo. Si kwamba walikosana. Ni kwamba kila mmoja anasema yeye ndiye mkubwa.

Usicheke. Kwetu huku shikamoo si kikohozi cha kumtupia mtu tu. Mdogo anampa mkubwa, basi, na asiyetoa hana adabu. Lakini hawa wawili walizaliwa msimu mmoja, mama zao wamekufa, na cheti hakuna. Dorkasi anadai alimbeba Hezekia mgongoni, na kwamba Hezekia alimkojolea. Hezekia anadai anakumbuka vizuri siku Dorkasi alipobatizwa, alivyompiga mchungaji teke la tumbo. Kwa hiyo maisha yao yote wamekuwa wakisalimiana kwa Kishambaa tu, "Onga makeo," asubuhi njema ya watu wote, isiyo na mkubwa wala mdogo, kila mmoja akimwangalia mwenzake amwone kama atateleza.

Basi Emanueli akafa. Alikufa kwenye masika, na ukitaka kuwatesa watu wa Kwemvumo, kufa kwenye masika. Mtaa wote umening'inia kwenye kilima, vinjia vya kuku kila mahali, hakuna gari linalofika. Mgonjwa anabebwa kwenye kiti, jeneza linabebwa mabegani. Hezekia alimtengenezea Emanueli jeneza zuri, akaweka vishikio vya kung'aa, na pale kwenye kona ya mteremko kishikio kimoja kikatoka. Wabebaji wakateleza. Jeneza likateremka lenyewe, likapita watu wa kwaya, likapita mchungaji, likaenda kutulia kibwawani katikati ya karoti.

Watu walishika midomo. Dorkasi akaangalia, akasema, "Emanueli, leo ndiyo umekuja kunisaidia kazi?" Wakacheka wote, msiba ukawa kicheko, na hadithi hiyo inasimuliwa mpaka leo. Lakini Dorkasi aliumia. Aliumia sana, na tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu na kwa serikali: barabara. Barabara ya gari kuingia Kwemvumo, ili yeye akifa asiteremke kama gunia.

Ardhi yenyewe haikuwa ya watu wa Kwemvumo. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyewaruhusu kujenga kwa mdomo tu, na alipofariki warithi wake wakataka kumuuzia bwana fulani aliyetaka kujenga hoteli, ili wageni wakae kwenye baraza wakiangalia ukungu. Ukungu! Kitu ambacho Kwemvumo wanakitukana kila asubuhi. Hapo ndipo Hadija, muuza mitumba, mwanamke mpole mwenye kichwa kigumu, alipowakusanya watu wakaanzisha ushirika. Walichangishana kwa miaka, wakagombana kwa miaka, na mwisho warithi wakakubali kuwauzia wao.

"Hati itakuwa moja," Hadija aliwaeleza mkutanoni, na aliwaeleza mara nyingi kwa sababu kila mara kulikuwa na mtu aliyechelewa. "Nyumba ni yako, ipake rangi unayotaka, mrithishe mwanao. Ardhi ni ya ushirika. Hakuna wa kuuza kipande chake peke yake. Maana tukigawana vipande, yule bwana wa hoteli atarudi atuchume mmoja mmoja."

"Na barabara?" akauliza Dorkasi.

"Barabara na kila kitu tutapanga wenyewe, dada. Kila mtu ana sauti moja."

"Mimi ninazo zaidi," akasema Dorkasi, na hakuna aliyebisha.

Halmashauri ikasema sawa: pangeni, mkikubaliana mpimaji atakuja kupima kile kilichoko chini na kuweka bikoni, zile alama za mpaka za zege. Akaletwa binti mmoja wa mipango miji kuwasaidia, jina lake Evelina, mtoto wa Bumbuli aliyesomea Dodoma. Binti mzuri, mwenye subira, anatoa shikamoo mpaka kwa watu ambao bado hawajaamua kama ni wazee.

Evelina alianza kwa kutandaza turubai uwanjani. Viberiti vikawa nyumba, karoti zikawa barabara, soko likawa fungu la sukuma wiki na zahanati nusu kabichi. Watu walifurahi sana kuhamisha viberiti vya wenzao. Kisha wakaenda kunywa chai, na mbuzi wa Hezekia akaingia, akala soko, akala barabara kuu yote, na walipomkuta alikuwa ameshaanza zahanati.

"Tufanye ardhini kabisa," akasema Evelina, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Tupime njia zenyewe, mahali penyewe, tukae nazo mwezi mmoja tuone zinatufaa au hazitufai. Kisha tuhamishe, tujaribu njia ya pili, tulinganishe." Wakachonga vigingi vya mti, wakavigongomelea kilima kizima. Kesho yake hapakuwa na kigingi hata kimoja, na maharage ya mtaa mzima yalikuwa yameiva vizuri. Wakajaribu kamba za manila. Kamba zikafunga mbuzi.

Hapo Dorkasi akasimama. Mpaka leo anajuta miguu iliyomsimamisha.

"Nyie si mnataka kitu kisichoibiwa?" akasema. "Pandeni masale."

Mkutano mzima ukampigia makofi. Sale unalijua, ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mpakani mwa mashamba na kwenye makaburi. Kwetu huku sale la mpaka halichezewi. Mbuzi halili, mwizi haligusi. Aliyeling'oa peke yake tumbo litamvimba, au mdomo utaenda upande, na kila familia ina mjomba wa kutolea ushahidi. Ni kweli wajomba wengi wa aina hiyo walikuwa walevi, lakini ndivyo inavyosimuliwa. Kwa hiyo Dorkasi alikuwa sahihi kabisa: masale yatakaa. Kati ya watu wote wale, wenye vyeo na wenye mvi, hakuna hata mmoja aliyejiuliza yatatokaje.

Ikafika siku ya kujaribu barabara. Evelina akauliza, "Kitu gani kinawasumbua zaidi kukipitisha hapa?" Wakajibu wote pamoja: jeneza. Basi Hezekia akatoa jeneza moja la dukani, wakalijaza karoti zilizooza ili liwe na uzito wa mtu mzima, wakalibeba wakapanda nalo kutoka barabara kubwa. Kila lilipopita bila kuinama wakapanda sale kushoto na sale kulia, upana wa gari. Ilikuwa siku ya raha. Vijana walilia kilio cha uongo, mwanamke mmoja akamwimbia marehemu karoti wimbo wa maziko, na Dorkasi akatoa risala kwamba marehemu alikuwa mchafu lakini yeye alimwosha.

Njia iliyokuwa nyoofu kuliko zote, isiyoinamisha jeneza hata kidogo, ikaja ikaja ikaishia mlangoni kwa Dorkasi. Ukuta. Jeneza likasimama.

"Inapita hapa katikati," akasema Evelina, akitazama juu ng'ambo ya bati. "Chumbani, jikoni, kisha inaendelea. Lakini hii ni njia ya kwanza tu, bibi. Ya pili tutaijaribu mwezi ujao, ile inayozunguka juu kwa fundi Hezekia, kwenye mipeasi. Inapanda kidogo lakini jeneza litapita."

"Si ni majaribio?" Dorkasi akacheka. "Lete jembe!" Na kwa mkono wake mwenyewe akapanda sale moja kushoto mwa mlango wake na jingine kulia, akapigapiga udongo kwa mguu, akasema, "Haya, Emanueli, barabara imefika mpaka kitandani." Vijana wakazunguka nyuma ya jiko, wakapanda mengine njia iendelee.

Halafu masika yakaanza.

Masale ukiyachomeka kwenye tope yanashika. Hayaombi ruhusa. Asubuhi moja Dorkasi alifungua mlango akaona pale kushoto jani jipya, jembamba, kijani kibichi, limechomoza kana kwamba limekuja kudai kitu. Akageuka kulia. Nako vilevile. Akafagia kizingiti chote akiyakwepa kwa mbali. Aliogopa.

Mwezi ukaisha. Mkutano ukapitisha bila mtu kupinga kwamba masale ya njia ya kwanza yahamishwe, ijaribiwe njia ya pili. Mikono yote juu. Hadija akauliza nani atakwenda kuyang'oa, mikono yote chini.

Evelina aliombwa kwanza, kwa kuwa amesoma. "Bibi, mimi kisayansi siamini kabisa," akasema, "lakini nina mama nyumbani." Wakamwendea mchungaji. Mchungaji akahubiri Jumapili nzima kwamba Mkristo haogopi majani, mahubiri mazuri, watu waliitikia amina. Alipoombwa aje na jembe akakumbuka ana safari ya Mlalo. Wakamwendea shehe. Shehe akasema katika dini hakuna kizuizi chochote, kizuizi kiko kiunoni mwake, kinamuuma sana akiinama. Dorkasi mwenyewe alijaribu. Alifika mpaka karibu, akalishika jani, akaona tumbo lake limenguruma, akaacha. Lilikuwa limenguruma kwa njaa, lakini nani angeweza kuwa na hakika?

Wiki zikapita hivyo, na sasa mpimaji alikuwa amepangiwa wiki inayofuata. Atapima kilichoko chini. Chini palikuwa na masale, yamenawiri, na barabara inapita kwenye kitanda cha Dorkasi.

Ushirika haukuwa na ubaya. Sheria yao ilisema nyumba ikichukuliwa na njia, mwenyewe atajengewa nyingine kwenye kiwanja cha akiba, juu kabisa karibu na msitu. Dorkasi alikwenda kukiangalia. Alipanda akihema, akifika mahali anapumzika, anapanda tena. Huko juu ukungu hauondoki mpaka mchana, na kibwawa cha karoti unakisikia kwa mbali bila kukiona. Akashika magoti yake, yale magoti yaliyosimama kwenye maji ya baridi ujana wote. Kupanda mara moja yalikubali. Kila siku yasingekubali. Huku juu angepewa nyumba na asingekuwa na kazi, asingekuwa na mtu wa kumtukana, angekaa tu kungoja barabara ile imbebe. Alikaa kwenye jiwe akalia, kilio cha kweli cha makamasi, kisha akajifuta kwa kanga akateremka.

Akaenda kwa Hadija moja kwa moja. "Mwenyekiti, wewe si una akili? Toa moja."

Hadija alikuwa anakunja makoti ya mitumba. Akafikiri mpaka koti la tatu. "Dada Dorkasi, zamani sale likitakiwa kuhama, lilihamishwaje?"

"Wenye mpaka wanashika wote pamoja, wanang'oa pamoja. Huyu wa upande huu na yule wa upande ule. Hapo halimdhuru mtu."

"Na sale la mlangoni kwako ni mpaka wa nani na nani?"

Dorkasi akanyoosha kidole huku, akanyoosha kule. Ardhi upande huu ni ya ushirika. Ardhi upande ule ni ya ushirika.

"Wa sisi na sisi," akasema polepole.

"Basi wenye mpaka ni sisi wote. Ashike kila mwanachama, asikose hata mmoja. Tutafunga kamba ndefu, kila mtu apate pa kushika."

Dorkasi alifurahi kwa muda wa kutoka pale mpaka mlangoni. Hapo akakumbuka wanachama wenyewe ni kina nani. Ni wale wale. Ni yule wa paa la Pasaka. Ni yule ambaye yeye Dorkasi alimwambia mbele ya mkwewe kwamba ana miguu ya kuku. Hakuna nyumba Kwemvumo ambayo ulimi wake haukuwahi kuingia bila hodi, na sasa alitakiwa aingie mwenyewe, nyumba kwa nyumba, aombe mkono.

Aliomba. Acha bwana, watu walistarehe siku zile! Wa paa la Pasaka alimkalisha kwenye kigoda, akamwambia arudie kulisifia paa lake, bati kwa bati. Mwenye miguu ya kuku alikunja suruali. Mama mmoja hakutaka chochote ila Dorkasi anywe chai yake na asiseme lolote kuhusu sukari, na Dorkasi akainywa, na ilikuwa chungu kama dawa, na akasema ahsante. Kila aliyeombwa alicheka, na kila aliyecheka akakubali. Dorkasi alishangaa. Alikuwa anadhani wanamchukia.

Akabaki Hezekia.

"Onga makeo, Hezekia."

"Onga makeo, Dorkasi. Karibu ukae. Si hapo, hicho ni cha mteja."

Dorkasi akaondoka kwenye jeneza akakaa kwenye gogo. Juu yao mipeasi ilikuwa imekwisha kuzaa, majani yanadondosha maji. Hezekia alipiga randa kidogo, akapuliza vumbi.

"Unataka nishike kamba," akasema, "barabara itoke chumbani kwako ije ikate mipeasi yangu. Aliyoipanda mama yangu."

"Ndiyo."

"Na mimi nipate nini?"

"Utapata barabara mlangoni. Wateja wako watafika bila kuhema."

"Wateja wangu hawahemi, Dorkasi."

Dorkasi nusura acheke, akajizuia. Hezekia akaweka randa chini, akamtazama.

"Mipeasi nimeshaisikitikia, basi. Na kile kishikio cha jeneza la Emanueli nakifikiria kila masika, hata kama hujawahi kuniuliza. Nitashika kamba. Lakini nataka kitu kimoja. Shikamoo. Mbele ya watu."

Dorkasi akasimama, akakung'uta kanga yake. "Nitalala barabarani," akasema, akaondoka.

Siku ya kamba ikafika, mpimaji kesho yake. Watu wote wa Kwemvumo walishuka, Waislamu na Walutheri, wenye nyumba na wapangaji wao, hata mzee asiyeona akaletwa akawekewa kamba mkononi. Mvua ilikuwa imepumzika. Kamba ikafungwa kwenye sale la kushoto na la kulia, ikanyooshwa mpaka kijitoni. Evelina alipiga picha.

"Wote wapo?" akauliza Hadija.

Hawakuwa wote. Hezekia alikuwa amesimama chini ya mpeasi wake, mikono mfukoni mwa koti, anatazama mawingu.

Watu wakamtazama Hezekia, kisha wakamtazama Dorkasi. Kila mtu alijua, maana hakuna siri inayopita Kwemvumo bila kuguswa na wote. Dorkasi akaitazama nyumba yake. Akakitazama kizingiti alichokipiga deki Jumamosi, na nyuma yake bati jekundu, na nyuma yake moshi wa jiko lake ukitoka taratibu.

"Shikamoo, Hezekia."

Mtu mmoja aliachia kamba kwa mshtuko, akapigwa kiwiko.

"Sijasikia," akasema Hezekia.

"Umesikia."

"Kijito kina kelele leo."

"SHIKAMOO!" Walisikia mpaka Magamba.

Hezekia akafumba macho kidogo, akaionja. "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Ilibidi Hadija amshike Dorkasi mkono. Lakini Hezekia alikuwa ameshashuka, ameshika ncha ya kamba, na wakavuta. Sale halikutoka. Wakavuta tena, huyu anamlaani yule, kwaya ikaanza wimbo na waliobaki wakaitikia, na ghafla yakatoka yote mawili, na ushirika mzima ukakaa kwenye matope, kuanzia mwenyekiti mpaka mzee asiyeona, aliyeuliza nini kimetokea na kila mtu akashindwa kumjibu kwa kucheka. Wakashikana matumbo kuyakagua. Hakuna lililovimba. Ya nyuma ya jiko yalifuata bila ubishi, yakapandwa kwenye njia ya pili.

Yale mawili ya mlangoni aliyabeba Hezekia mwenyewe. Aliyapanda kwenye mipeasi ya mama yake, moja huku, moja kule, na hakusema mzaha wowote alipokuwa akifukia. Dorkasi alimwona. Akamletea maji ya kunawa, akayaweka chini, akaondoka kabla hajashukuriwa.

Mpimaji alipima alichokikuta. Bikoni zikawekwa, mipeasi ikakatwa, na mbao zake Hezekia akazianika ukutani. Hati ikatoka, moja, yenye jina la ushirika, na Hadija aliipitisha nyumba kwa nyumba ili kila mtu aishike. Trekta likachonga njia.

Asubuhi ya kwanza ya barabara, Dorkasi alijitwika beseni lake akapanda makusudi mpaka karakana, apate kuteremka na barabara yenyewe kama watu. Palikuwa na wapita njia wengi, wote wakiwa hawana haraka yoyote siku hiyo. Hezekia alikuwa anapiga randa.

"Onga makeo, Hezekia," akasema Dorkasi, shingo juu.

Hezekia hakuinua kichwa. "Hiyo nimeisikia. Nangoja ile nyingine."

"Ile?" Dorkasi akacheka, akawageukia watu. "Ile ilikuwa ya majaribio!"

Hezekia akapuliza vumbi la mbao. Akanyoosha mkono wenye randa, akaonyesha pembeni mwa barabara, pale masale mawili yalipokuwa yamesimama na majani mapya.

"Na haya yalikuwa ya nini, Dorkasi?"

Dorkasi akayatazama masale. Wapita njia wakasogea. Akasonya, akaliweka sawa beseni kichwani.

"Shikamoo, shetani wewe."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Hezekia, na Dorkasi akateremka na barabara yake kwenda kuosha karoti, akimtukana njia nzima.